Sikio Kabla ya Mkono

Ngata ni pete ya kitambaa au ya majani yaliyosokotwa, inayokaa kati ya utosi na mzigo. Huko Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, na katika vijiji vya miombo vinavyoizunguka, kipande cha kanga huzungushwa mkononi, ncha yake ikachomekwa ndani, kikawekwa utosini, kisha ndoo ya lita 20 ikatwikwa juu yake. Kichwa cha mtu mzima chenyewe kina uzito wa takriban kilo 5. Ndoo iliyojaa huongeza kilo 20 nyingine. Ngata hulinda ngozi ya kichwa na kuutuliza mzigo usiyumbe, lakini haipunguzi uzito hata kidogo. Uzito huo hushuka kupitia pingili 7 za shingo, moja baada ya nyingine, na kila pingili huupokea na kuukabidhi kwa ya chini yake. Misuli midogo iliyo chini ya kisogo hubaki imekaza njia nzima, kutoka kisimani hadi mlangoni. Jioni mwenye kichwa anaposema kinamuuma, anayemsikia huwa tayari ana jibu: ni jua, ni uchovu, ni malaria. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na maumivu ya kichwa ni mzigo wa aina hiyo hasa, kwa kuwa hayana jeraha wala uvimbe ambao jirani anaweza kuuona akauamini.

Nchi hii ya Unyamwezi imejua uzito kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikavuka Ugogo na kufika Unyanyembe, kabla ya kuendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kaze, mahali palipo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walikuta makao ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili yaliyokwisha kushamiri. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na vitambaa, shanga na waya zikapanda bara, vyote kwa miili ya watu. Mpagazi alibeba kilo 30 au zaidi, kwa miezi. Wapagazi wa pwani walizoea kutwika kichwani, na Wanyamwezi kwa kawaida walipendelea bega. Hapo pana maarifa ya mwili ambayo hayakuhitaji kitabu: shingo ina kiasi chake, na aliyefanya upagazi kuwa kazi ya maisha alitafuta namna ya kuipumzisha. Vitabu vya wasafiri vilihesabu maili, pembe na doti za nguo. Maumivu ya waliozibeba yaliandikwa kwa uchache sana. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mizigo mikubwa ilihamia kwenye mabehewa, lakini ndoo, kuni na magunia vilibaki vichwani, hasa vichwani mwa wanawake na watoto.

Maumivu ya kichwa si ugonjwa mmoja. Ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu. Vinavyouma ni utando unaoufunika, mishipa ya damu, misuli ya fuvu na shingo, viungo vya pingili za juu, macho, meno na matundu yaliyo nyuma ya pua. Kwa sababu vyanzo ni vingi, Jumuiya ya Kimataifa ya Maumivu ya Kichwa ilichapisha mpangilio wa aina zake mwaka 1988, na toleo lake la tatu likatoka mwaka 2018. Mpangilio huo unagawa maumivu mengi katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni la maumivu ambayo yenyewe ndiyo ugonjwa. Kundi la pili ni la maumivu yanayotangaza ugonjwa mwingine uliojificha nyuma yake. Mgawanyo huu ndio mlango wa kila tiba, kwa kuwa mkono unaotuliza kichwa cha kundi la kwanza unaweza kumpotezea mgonjwa wa kundi la pili saa ambazo zingemwokoa.

Yaliyo mengi kuliko yote ni maumivu ya mkazo. Hushika pande zote mbili za kichwa, yakibana kama mkanda uliokazwa kuzunguka paji la uso na kisogo. Hayagongi, kwa kawaida hayaleti kichefuchefu, na mwenye nayo huweza kuendelea na kazi ingawa kwa unyonge. Huweza kudumu nusu saa hadi siku 7. Usingizi haba, njaa, kiu, mawazo na kuinama muda mrefu huyachochea. Fundi cherehani huyajua, na dereva na mwanafunzi anayesoma kwa taa hafifu huyajua pia. Kwa kuwa hayaangushi mtu kitandani, watu wengi huyachukulia kuwa sehemu ya umri au ya umaskini, wakaishi nayo miaka mingi bila kuyataja kwa mtu yeyote anayeweza kuwasaidia.

Kipandauso kina tabia nyingine. Mara nyingi hushika upande mmoja, hugonga kwa mapigo, huja na kichefuchefu au kutapika, na humfanya mtu achukie mwanga na sauti. Kisipotibiwa hudumu saa 4 hadi 72. Kwa baadhi ya watu hutanguliwa na ishara: mistari ya mwanga inayomeremeta machoni, ganzi ya mkono au maneno kugoma mdomoni, kwa muda usiozidi saa moja kwa kawaida. Mwanamke aliyefunga dirisha mchana na kujifunika kanga usoni huitwa mvivu au mwenye mapepo, kumbe mfumo wake wa fahamu uko katika dhoruba halisi. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa mwaka 2003 na 2004 katika vijiji vinavyohudumiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ulihusisha watu zaidi ya 7,000, ukakuta kwamba takriban wanne katika kila 100 walikuwa na kipandauso, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Kipandauso kwa hiyo hakingojei ofisi, kompyuta wala maisha ya mjini. Kiko shambani. Adhabu ya kaburi aijua maiti, lakini jamii inayojua jina la adhabu hiyo humsumbua mwenzake kwa lawama kidogo zaidi. Aina ya tatu, iliyo adimu, huchoma nyuma ya jicho moja kwa robo saa hadi saa tatu, jicho likatoa machozi na pua ikaziba upande uleule, hata mara kadhaa kwa siku, kwa wiki nyingi mfululizo. Mwenye nayo hawezi kulala. Hutembea huku na huku usiku, na anahitaji daktari.

Kisha yapo maumivu yanayozaliwa shingoni na kusikika kichwani. Daktari wa Norway, Ottar Sjaastad, aliyaeleza na kuyapa nafasi yake mwaka 1983. Mishipa ya fahamu ya pingili tatu za juu za shingo huingia katika kituo kimoja na mshipa mkuu wa hisia za uso, ndani ya shina la ubongo. Kituo hicho kinapopokea taarifa ya kiungo kilichoumia kisogoni, huweza kuitafsiri kuwa inatoka kwenye paji au nyuma ya jicho. Hivyo mtu hubonyeza paji la uso usiku kucha, na mahali panapohitaji kuangaliwa ni chini ya mstari wa nywele. Dalili zake hutambulika: maumivu huanza shingoni na kupanda, hukaa upande mmoja bila kuhama, huzidi shingo inapogeuzwa, na mgeuko wa shingo wenyewe hupungua. Chanzo chaweza kuwa kuanguka kwenye pikipiki, uchakavu wa viungo, au uzito wa kila siku. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliopiga picha za eksirei za shingo za wabeba kuni wa Kongo, ukaona uchakavu wa pingili ulio mwingi zaidi kwao kuliko kwa wasiobeba mizigo kichwani. Bandu bandu huisha gogo, na shingo hupungua kwa safari ndogo ndogo ambazo kila moja ilionekana nyepesi.

Kundi la pili linadai hadhari, na katika nchi ya Unyamwezi lina sura zake. Malaria ndiyo ya kwanza kufikiriwa, na ni haki, mradi kipimo kitangulie dawa mseto. Lakini mrina asali au mwindaji anayerudi kutoka pori la miombo na homa, kichwa kikali, na pengine kidonda alipoumwa na mbung'o, anaweza kuwa na malale. Ugonjwa huo unajulikana Tabora tangu enzi za ukoloni, na aina yake ya Afrika Mashariki hukimbia kwa wiki au miezi, haingoji miaka. Kipimo cha haraka cha malaria hakiuonyeshi. Damu inapaswa kuangaliwa kwa hadubini na macho yanayojua yanachokitafuta. Mkulima wa tumbaku anayechuma majani yaliyolowa umande hufyonza nikotini kwa ngozi ya mikono, akapata kichwa, kizunguzungu na kutapika. Anayechochea moto wa bani la kukaushia tumbaku, akivuta hewa nzito ya kuni, huumwa kichwa kwa sumu ya moshi. Mwanamke mjamzito aliyepita wiki 20, kichwa kikimuuma sana, akiona maruweruwe na kuvimba uso, anaweza kuwa anaelekea kwenye kifafa cha mimba. Na mwenye homa ambaye shingo yake imekaza hata kidevu hakigusi kifua, afikiriwe kuwa na homa ya uti wa mgongo hadi ithibitike vinginevyo. Shingo iliyokaza kwa mzigo na shingo iliyokaza kwa homa hiyo zinaweza kufanana mbele ya mkono usiouliza. Ya kwanza huweza kukandwa. Ya pili isikandwe kabisa, ikimbizwe hospitali. Dalili ya mvua ni mawingu: maumivu yanayolipuka ghafla na kufikia ukali wake ndani ya dakika moja, yanayoanza mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50, yanayofuata pigo la kichwa, yanayokuja na degedege, udhaifu wa upande mmoja au kuchanganyikiwa, au yanayompata mwenye kinga dhaifu ya mwili, yote ni mawingu ya aina hiyo.

Ipo na aina inayotengenezwa na dawa yenyewe. Katika duka la dawa muhimu vidonge vya maumivu hununuliwa viwili viwili, vikamezwa asubuhi kabla ya kazi na usiku kabla ya kulala. Anayetumia vidonge vya kawaida vya maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huweza kupata kichwa kinachouma kwa sababu ya vidonge hivyo. Anameza ili apone, na kadiri anavyomeza ndivyo maumivu yanavyorudi mapema. Tiba ni kuviacha chini ya uangalizi na kustahimili siku za mwanzo, ambazo huwa mbaya kabla ya kuwa nzuri.

Katikati ya mambo haya yote ndipo kairopraktiki inapopata mahali pake. Ni tiba ya kushughulikia viungo, hasa vya uti wa mgongo, kwa mikono. Ilianzishwa Davenport, Iowa, nchini Marekani, mwaka 1895, na D. D. Palmer, aliyedai kumrudishia usikivu mfagizi mmoja, Harvey Lillard, kwa kusukuma pingili yake ya mgongo. Palmer aliamini kwamba karibu magonjwa yote hutokana na pingili zilizohama na kubana mishipa ya fahamu. Sayansi haikulithibitisha dai hilo, na matabibu wengi wa leo wameliacha, wakabaki na kazi iliyo nyembamba na ya kweli zaidi: maumivu ya mgongo, ya shingo, na ya vichwa vinavyotokana na shingo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo na usalama wa tiba hii mwaka 2005. Afrika Kusini hufundisha kairopraktiki katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Tabibu mzuri huanza kwa maswali, hupima presha, huangalia macho, nguvu za mikono na mgeuko wa shingo, kisha hupapasa viungo kimoja kimoja. Mkono hufuata baadaye: kukanda misuli, kukisogeza kiungo polepole, au kukisukuma kwa haraka na kwa umbali mdogo. Mlio unaosikika hapo hutokana na hewa iliyomo katika ute wa kiungo. Haumaanishi kwamba mfupa uliohama umerudi mahali pake, na kukosekana kwake si ishara kwamba tiba imeshindwa.

Faida ya mikono hiyo inategemea aina ya maumivu. Kwa yale yanayotoka shingoni ushahidi ni mzuri kiasi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha watu 200, ulionyesha kwamba tiba ya mikono na mazoezi ya misuli ya ndani ya shingo, kila moja, ilipunguza maumivu, na nafuu ilidumu mwaka mzima. Mazoezi hayo hayahitaji mashine: mtu hulala chali, huvuta kidevu taratibu kuelekea shingoni, hushikilia kwa sekunde chache na kurudia. Kwa maumivu ya mkazo, kukandwa, mazoezi na kupumzika husaidia watu wengi. Kwa kipandauso unyenyekevu unahitajika. Utafiti wa Norway wa mwaka 2017, uliohusisha wagonjwa 104, uliwalinganisha waliofanyiwa kairopraktiki na waliofanyiwa tiba ya kuigiza, na makundi yote mawili yakapata nafuu inayokaribiana. Nafuu ile ilikuwa ya kweli kwa wagonjwa, lakini haikutoka katika kusukumwa kwa pingili. Kuguswa, kusikilizwa na kupewa muda navyo hutuliza, na asiyekubali hilo atauza mikono yake kwa bei isiyo yake.

Hatari nazo zitajwe kwa uwazi uleule. Baada ya shingo kusukumwa, wengi wanaopata madhara hupata uchovu na maumivu ya siku moja au mbili. Mara chache sana tiba hii imehusishwa na kupasuka kwa utando wa ndani wa mshipa wa damu wa shingo, jambo linaloweza kuleta kiharusi. Kuna ugumu wa kujua kipi kilitangulia, kwa kuwa mshipa unaopasuka huuma shingo na kichwa, na maumivu hayo ndiyo yanayompeleka mtu kwa tabibu. Hali zote mbili zinadai tahadhari ileile: maumivu mapya na makali ya shingo, yanayofuatana na kizunguzungu, kuona viwili, ulimi mzito au uso kwenda upande, si ya kushikwa na mkono wowote. Mwenye mifupa dhaifu, mwenye uvimbe au kifua kikuu cha uti wa mgongo, na aliyetoka kuanguka bila kupigwa picha, nao wasisukumwe shingo.

Huko Uyui mtu anayeumwa shingo hana tabibu wa kairopraktiki jirani yake, lakini hakosi mikono. Wapo wachuaji wanaotumia mafuta na maji ya moto, na wapo wanaoumika kwa pembe. Wapo pia wataalamu wa fiziotherapia wanaofundishwa nchini, wakiwemo wa chuo cha KCMC huko Moshi, ambao kazi yao juu ya shingo inakaribiana sana na sehemu iliyo bora ya kairopraktiki. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliweka baraza la kusajili wanaotoa tiba hizo, na usajili ni swali halali ambalo mgonjwa ana haki ya kuliuliza. Kuchua misuli kwa upole hakuna ubaya pale homa, pigo na dalili za hatari zilipokwisha kuulizwa na kukosekana. Kuikata shingo ghafla hadi ilie, kwa mtu asiyefundishwa, kuachwe kabisa.

Lakini mkono ulio bora kuliko wote hushindwa ikiwa kesho yake asubuhi ndoo inapanda utosini tena. Tiba ya shingo kwa hiyo inaendelea nje ya chumba cha tabibu. Toroli, baiskeli na punda hushusha uzito kutoka kichwani. Kugawa lita 20 katika madumu mawili ya mkononi hupunguza mgandamizo wa pingili, ingawa huchosha mabega. Mtoto ambaye mifupa yake inakua hastahili mzigo wa mama yake. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria, kutoka Solwa mkoani Shinyanga hadi Nzega, Igunga, Tabora na Uyui, huhesabiwa katika vitabu vya wahandisi, nao unastahili kuhesabiwa pia miongoni mwa kinga za afya ya shingo. Mzigo unapogawanywa nyumbani kwa haki kati ya wanawake na wanaume, hiyo nayo ni tiba, na haina madhara.

Utaratibu wa kumsaidia mwenye kichwa kinachouma kwa hiyo una hatua zake. Kwanza asikilizwe: kinauma wapi, tangu lini, kwa muda gani, pamoja na nini, na amemeza nini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayekatizwa kabla ya kumaliza kueleza huwa maradhi yake yamefichwa na mwingine. Pili apimwe: joto, presha, malaria, mimba na shingo, na malale ikiwa ametoka porini. Tatu apewe tiba ya aina aliyo nayo, iwe dawa, mapumziko, mazoezi au mikono. Mikono ikitumika, lengo na muda vielezwe mapema. Nafuu isipoonekana baada ya wiki chache za tiba, njia ibadilishwe, malipo yasiendelee kwa mazoea. Kuandika katika daftari siku za maumivu, chakula, usingizi, hedhi na kazi iliyofanywa humwonyesha mgonjwa mambo ambayo kumbukumbu pekee huyapoteza. Na maumivu yakibadilika sura, yakiongezeka nguvu au yakileta dalili mpya, maswali yote yaanze upya, hata kama mwezi uliopita yalikuwa yamejibiwa vizuri.